Usawa wa Sikio

Mtu yule alifika saa tano kasoro dakika mbili asubuhi, akasimama nje ya mlango wa chumba chetu cha wagonjwa mahututi akiwa amebana kwapani mfuko mtupu wa saruji, akaniambia amekuja kuchukua koti lake.

"Koti gani, mjomba?"

"La kijivu. Zipu yake mbovu. Lilipanda gari la wagonjwa siku kumi zilizopita, likiwa chini ya kichwa cha mtu."

"Kichwa cha nani?"

"Jina lake silijui. Siku ile hakuwa katika hali ya kujitambulisha."

Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la saruji na meno yake mekundu kwa tambuu. Alisema anaitwa Chien Tien-lai, fundi vigae, na kwamba siku ile alikuwa anarudi kazini kwa njia ya mabwawa ya samaki alipomkuta mzee mmoja mwenye buti za mpira amelala chini ya nguzo ya umeme, pikipiki yake ikiwa majini. Aliwahi kusikia redioni kwamba mtu wa namna hiyo hasogezwi kichwa. Basi alivua koti, akalisukuma taratibu shingoni, akakishika kichwa kwa mikono miwili.

"Gari la wagonjwa likapotea kwenye mabwawa. Nusu saa, binti. Bega hili mpaka leo nikipiga chafya linaniambia."

Nilijua sasa. Kitanda namba tano, Tseng Jung-fa, miaka sitini na mmoja, mfugaji wa samaki. Koti nilijua pia. Lilikatwa kwa mkasi chumba cha dharura, likatupwa kwenye mfuko mwekundu wa taka. Nilimwambia hivyo, na kwamba nasikitika.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Lilikuwa bovu." Hakuondoka. Aliukunjua ule mfuko wa saruji, akaukunja tena. "Basi kwa vile nimeshafika, naweza kumwona?"

Saa tano ni saa ya kuona wagonjwa. Nusu saa tu, watu wawili kwa mgonjwa mmoja, ndugu pekee. Nilimpa daftari la wageni. Penye uhusiano kuna vijisanduku vya mke au mume, mzazi, mtoto, ndugu na mengineyo. Alisoma vyote polepole, halafu akaandika pembeni: *nilimshika kichwa*.

Nilimpelekea mkuu wetu, Dada Fang, ambaye amefanya kazi chumba hicho miaka ishirini na sita. Alisoma, akanitazama mimi, akamtazama yule mtu.

"Mengineyo," akasema, akarudi kwenye hesabu ya dawa.

Nilimpa joho la njano na kofia ya karatasi; joho akalivaa nyuma mbele, nikamvua nikamvalisha upya.

Mzee Tseng alikuwa amelala kama tulivyomlaza, kichwa juu kidogo, shingo imenyooka, bomba la kupumulia mdomoni. Kwenye paji la uso, kulia, palitoka mrija mwembamba kama uzi wa tambi. Mrija huo uliingia ndani ya ubongo wake hadi penye maji, na huku nje ulikwenda mpaka kwenye stendi iliyosimama kando ya kitanda, penye kihisio kidogo kama kiberiti. Kihisio kilipeleka habari kwenye mashine, na mashine ikaandika namba moja nyeupe. Hiyo ndiyo presha ya ndani ya fuvu. Fuvu halitanuki. Ubongo uliojeruhiwa ukivimba, au maji yake yakijaa, hauna pa kwenda, unajibana wenyewe mpaka damu inashindwa kupita. Mgonjwa hawezi kusema kichwa kinamuuma. Ile namba ndiyo husema kwa niaba yake.

Chini ya ishirini, tunapumua. Ikivuka ishirini na mbili na kukaa huko, tunaanza kukimbia.

Kwa siku nane mrija ule ulitoa maji kidogo kidogo kwenye mfuko. Jana yake, saa tatu asubuhi, Daktari Weng aliufunga ili aone kama ubongo utayamudu maji yake wenyewe. Ungemudu, mrija ungetolewa na mzee angeanza safari ya kutoka kwetu. Usingemudu, angerudi chumba cha upasuaji kuwekewa mrija wa kudumu, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Asubuhi ile ya jana namba ilikuwa kumi na sita, kumi na saba. Mchana ikafika ishirini na tatu. Usiku kucha ishirini na nne. Picha ya kichwa haikusema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo upasuaji ulipangwa saa nane mchana, na karatasi ya ridhaa ilikuwa inasubiri saini ya mkewe.

Bwana Chien alisimama mwisho wa kitanda, mikono nyuma.

"Mbona kimepungua?" akauliza.

"Nini?"

"Kichwa. Nilipokishika kilikuwa kizito sana."

"Tumemnyoa, mjomba."

"Aa." Akatikisa kichwa. Halafu akamwinamia mzee, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya barabara, "Mzee, ni mimi. Wa koti."

Namba haikubadilika. Mimi huwa naitazama ndugu wanapoongea. Sijamwambia mtu.

Saa tano na dakika saba akaingia mke wa mzee, Mama Ho Hsiu-luan, na chupa ya supu ya samaki ambayo mumewe hangeweza kuinywa. Alikuwa akiileta kila siku, akiificha ndani ya joho na kuifungua kidogo ili mzee aisikie harufu. Sheria hairuhusu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Huyu nani?"

"Huyu ndiye aliyemkuta njiani, mama," nikasema.

Alimtazama kuanzia kofia ya karatasi mpaka viatu. "Wewe ndiye uliyemgonga?"

"Hapana, dada. Aligonga nguzo. Mimi nilifika baadaye."

"Watu wote waliomgonga mtu hufika baadaye."

"Nguzo bado ipo. Ina rangi ya pikipiki yake. Nenda kaiangalie."

"Nilishaiangalia." Akavuta pumzi. "Alikuwa anaendesha kasi?"

"Sikumwona akiendesha. Nilimwona amelala."

"Kasi," akasema yule mama, akiridhika. "Miaka thelathini na sita namwambia. Umeshakula?"

"Bado."

"Kuna supu."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Kisha Mama Ho akanigeukia mimi, akatoa karatasi ya ridhaa mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nesi, daktari amenieleza dakika kumi. Nilichoelewa ni neno mrija. Mara ya kwanza pia walinieleza, nikasaini, halafu wakatoka wakasema imekwenda vizuri. Nikauliza imekwenda wapi. Wakasema vizuri." Aliitazama karatasi. "Nitasaini. Sina budi. Lakini wewe unaongea kama watu. Niahidi kitu kimoja. Leo chochote kitakachotokea kwa huyu mtu, njoo uniambie wewe. Chote. Kibaya usikiache nyuma."

"Naahidi, mama."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa sita, na huo ulikuwa mwezi wangu wa tatu kazini. Nilikuwa na uhakika kwamba ningetimiza, kwa sababu sikuona ingenigharimu nini.

Mama Ho akaenda upande wa pili kumpaka mumewe mafuta miguuni. Bwana Chien alibaki upande wa stendi. Aliufuata ule mrija kwa macho kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye kihisio, akarudi, akaufuata tena.

"Ndani ni maji?"

"Ni maji."

"Na hiki kidude kinapima maji yanasukuma kiasi gani."

"Ndiyo."

"Kama mpira wetu." Akaona sielewi. "Ukitaka vigae vya chumba hiki na vya chumba kile viwe usawa mmoja, unachukua mpira mweupe, unaujaza maji, mwenzako anashika huku, wewe kule. Maji hayana upendeleo."

"Ni kitu kile kile, mjomba," nikasema, na nilifurahi kweli. Napenda kueleza. "Kwa hiyo kihisio lazima kikae usawa mmoja na tundu la sikio. Huko ndani ndiko kwenye maji ya ubongo. Kikikaa chini zaidi, namba inapanda bure. Kikikaa juu, inashuka bure, na hiyo ni mbaya zaidi. Tunakagua kila saa."

"Kwa macho?"

"Kuna kitochi maalumu. Betri yake imekwisha, tumeshaagiza. Lakini tuna alama."

Nikamwonyesha. Ilikuwa kipande cha utepe mwekundu nilichokibandika mimi mwenyewe kwenye stendi, siku ya kwanza betri ilipokwisha, baada ya kupima kwa rula na uzi na kupimwa tena na Dada Fang. Kitanda kilifungwa kimo chake, kisipande wala kushuka, na stendi ikawekewa breki. Juu ya utepe nilichora kasikio kadogo kwa kalamu nyeusi ili wa jioni na wa usiku wasikosee. Dada Fang alikaona akasema, "Hm." Kwa Dada Fang hiyo ni medali.

Bwana Chien aliutazama utepe. Akalitazama sikio la mzee Tseng. Akafumba jicho moja.

"Kimepungua," akasema.

"Nini tena?"

"Kidude chako. Kimepungua vidole vinne."

"Kiko kwenye alama, mjomba."

"Naona kiko kwenye alama. Sikio ndilo haliko kwenye alama."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimekikagua saa nne na saa tano, na mara zote kilikuwa katikati kabisa ya utepe. Nilikuwa nimeandika *sawa* kwa mwandiko mzuri. Asubuhi ile tulikagua hata pakiti ya kijani ya bisi za mahindi iliyolala juu ya mashine, kwa imani ya hapa kwetu, ili mashine isilete ukorofi, kama ilivyo kwenye kila mashine ya hospitali yetu. Pakiti lazima iwe ya kijani na isiwe imepitwa na tarehe. Ilikuwa na miezi minne mbele. Tarehe ya bisi tuliikagua. Sikio hatukulikagua.

"Una kipimamaji?" nikamwuliza.

Alinitazama kama nimemwuliza kama ana pua. Akatoa chini ya joho kipimamaji cha mfukoni, kifupi kama kidole, cha njano, kina saruji kwenye pembe. Nilikifuta kwa pamba ya spiriti mara tatu. Nikachukua rula ndefu ya plastiki, nikaweka ncha moja kwenye tundu la sikio la mzee na nyingine kwenye stendi, naye akaweka kipimamaji juu yake kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kipovu cha ndani yake kilitembea, kikasita, kikakaa katikati.

Rula ilikuwa juu ya utepe wangu kwa sentimita nane.

Nilisimama nikiitazama. Ndipo nilipoona godoro.

Jana, baada ya saa sita mchana, mimi na mwenzangu tulimwekea mzee godoro la hewa ili asipate vidonda vya mgongoni. Tulifanya vizuri sana. Watu watano walimwinua, mmoja kichwa, shingo haikupinda hata kidogo. Tulitoa godoro jembamba tukaweka nene. Kitanda hakikupanda. Stendi haikushuka. Mzee ndiye aliyepanda, na sikio lake likapanda naye, na kasikio kangu ka kuchora kakabaki pale pale. Kuanzia saa saba mchana namba ikaanza kupanda, na wauguzi watatu wa zamu tatu, mimi nikiwa wa kwanza na wa mwisho, wakakagua kila saa kama kihisio kiko kwenye utepe.

"Nesi," akasema Mama Ho kutoka miguuni, "mbona umekuwa mweupe?"

"Muda wa wageni umekwisha, mama. Naomba mnisubiri nje."

"Bado dakika nane."

"Naomba."

Alitoka akimtangulia fundi vigae, na nikamsikia akimwuliza mlangoni, "Umemfanyia nini yule binti?"

Dada Fang alikuja, akapima mwenyewe kwa rula yetu na kipimamaji cha fundi, mara mbili. Tukapandisha kihisio hadi usawa wa sikio, tukakifunga, tukakifungulia hewa ili mashine ianze upya kutoka sifuri, tukakirudisha kwa mgonjwa. Namba ilizima. Ikarudi ikiwa kumi na tisa. Ikakaa kidogo. Kumi na nane.

Tulisimama pale dakika kumi na tano. Kumi na nane. Kumi na saba. Kumi na nane.

Daktari Weng alipigiwa simu, akaja akiwa na kijiti cha kulia chakula mkononi. Alisikiliza. Alitazama grafu ya jana, akaweka kidole pale mstari ulipopanda kama ngazi, akauliza, "Kufika saa saba mlikuwa mmeshaweka godoro?"

"Saa sita na dakika arobaini, daktari," nikasema.

Akahesabu kimoyomoyo, sentimita nane ni kama sita za presha. Ishirini na nne toa sita.

"Saa nane hakuna upasuaji," akasema. "Mrija ubaki umefungwa. Tutazame mpaka kesho kutwa." Alifika mlangoni akageuka. "Nani ameona?"

"Fundi vigae," akasema Dada Fang.

Daktari Weng aliwaza juu ya jibu hilo, akaenda zake kumalizia chakula.

Dada Fang aliubandua utepe wangu kwenye stendi. Alitumia ukucha, ili usiache gundi.

"Ripoti utaandika leo. Alhamisi utasimama mkutanoni uisome. Hakuna anayeadhibiwa kwa ripoti, unajua hivyo."

"Najua, dada."

"Kila mtu anajua hivyo. Mke wa mgonjwa mwambie presha imeshuka na upasuaji umesitishwa. Yote mawili ni kweli."

"Nimemwahidi nitamwambia kila kitu. Hata kibaya."

"Umemwahidi lini?"

"Leo. Kabla fundi hajapima."

"Kabla hujajua una nini cha kusema."

"Ndiyo, dada."

"Mama yule, wiki iliyopita, alimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili kwa sababu maziwa ya kumlisha mumewe kwa mrija yalikuwa yamepoa. Unajua nesi wa zamu hiyo yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Anapanga miadi ya watu wa meno."

"Anapenda huko?"

"Hapana." Alikunja utepe ukawa mraba mdogo. "Tathmini yako ni Ijumaa. Mimi ndiye ninayeandika, lakini si mimi ninayesaini. Akileta barua, barua itasomwa na anayesaini. Nakuambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Nilisema nashukuru. Nilitaka kubaki chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka kuwa mtu anayejua kufanya kazi ile vizuri kwa miaka ishirini na sita. Niliwaza kwamba mgonjwa yuko salama, namba ni kumi na nane, na kwamba sentensi mbili za kweli zinatosha kwa mchana mmoja. Halafu nikawaza yule mama akiuliza imekwenda wapi, na kuambiwa vizuri.

"Naenda kumwambia, dada."

"Nenda basi. Na usiende na uso huo. Akikuona unataka kulia atadhani mumewe amekufa."

Nje, Mama Ho na Bwana Chien walikuwa wameketi viti vya plastiki, chupa ya supu katikati yao. Fundi alikuwa anakunywa kwenye kifuniko. Karatasi ya ridhaa ilikuwa juu ya paja la mama, imeshasainiwa, kalamu bado mkononi.

"Amekufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Upasuaji haupo tena. Presha yake ni kumi na nane."

"Jana ilikuwa ishirini na nne."

"Jana pia ilikuwa kumi na nane, au karibu na hapo. Sisi tulisoma vibaya." Nikachuchumaa mbele yake ili asiinue shingo. Nikamweleza kwa lugha ya jikoni, kuhusu maji, mpira wa mafundi na sikio. Nikamweleza godoro. Nikamweleza utepe.

"Nani aliweka utepe?"

"Mimi."

"Na godoro?"

"Mimi na wenzangu. Lakini kupima sikio baada ya godoro ilikuwa kazi yangu. Sikupima. Nilikagua utepe. Toka jana mchana."

Bwana Chien aliacha kunywa, akaitazama supu.

"Kwa hiyo saa nane," akasema Mama Ho, "wangemfungua mume wangu kichwa kwa sababu ya godoro."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu asingekuja kutafuta koti?"

"Wangemfungua."

Alikaa akinitazama. Sikuona hasira wala shukrani usoni mwake. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza mpaka mwisho.

"Umebakiza kitu?"

Nilifikiri. "Mrija ulikuwa umefungwa muda wote, maji hayakutoka kupita kiasi, kwa hiyo kosa lile halikumdhuru. Lakini hilo lilikuwa bahati, si uangalifu wetu. Sasa nimemaliza."

Akaigeuza karatasi ya ridhaa upande mweupe, akailainisha juu ya paja, akaweka kalamu tayari.

"Jina lako linaandikwaje?"

Kadi yangu ya jina ilikuwa imejigeuza mgongo. Niliigeuza, Juan Yi-chen, muuguzi wa majaribio, nikaishika kwa vidole viwili isicheze mpaka alipomaliza kuandika.